D-DAY ya Agust D: utulivu wake unaushinda ukali wake

Albamu ya D-DAY, ambayo Min Yoongi wa kundi la BTS aliitoa tarehe 21 Aprili 2023 kwa jina la Agust D, imezoeleka kutajwa kwa mambo yake makubwa: video ya "Haegeum" yenye mapigano na makovu, nakala zaidi ya milioni 1 zilizouzwa Korea Kusini siku ya kwanza, na ziara iliyojaza kumbi za Marekani na Asia. Mambo hayo ni ya kweli na nitayagusa, lakini hukumu yangu kuhusu albamu yenyewe inaanzia kwingine. Kati ya nyimbo zake 10, ambazo kwa jumla huchukua takriban nusu saa, zinazostahili kurudiwa ni zile ambazo rapa huyu mwenye sifa ya ukali anaacha kupiga kelele. Zile za kelele, ukiondoa moja, ni za kawaida kuliko jina lake linavyoahidi.

Msomaji asiyefuatilia muziki wa Korea anahitaji maelezo mafupi. Min Yoongi alizaliwa mwaka 1993 katika mji wa Daegu, kusini-mashariki mwa nchi hiyo, na ndani ya BTS, kundi la vijana 7 lililoanza rasmi Juni 2013, anajulikana kwa jina la Suga. Agust D ni jina analotumia anapofanya kazi peke yake. Limetokana na herufi DT, yaani Daegu Town, na jina Suga, zikisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwa jina hilo alitoa mkusanyiko wa kwanza wa nyimbo mwaka 2016, ambao mashabiki waliupata bure, kisha akatoa wa pili, D-2, Mei 2020. D-DAY ndiyo inayofunga mfululizo huo wa kazi 3, na ndiyo albamu yake ya kwanza kamili ya studio.

Kazi ile ya 2016 ilikuwa na wimbo "The Last", ambamo alieleza waziwazi habari za sonona na hofu ya kuwa mbele za watu, mambo ambayo kijana wa kundi la K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea, anayetarajiwa kutabasamu kila kamera inapowashwa, hakuzoea kuyasema hadharani miaka hiyo. Ile ya 2020 ilikuja na "Daechwita", wimbo uliobeba jina na sauti za muziki wa gwaride la kijeshi la enzi za wafalme, na video yake ikapigwa katika mandhari ya ikulu ya kale. Anayeanza na D-DAY bila kuzisikia hizo mbili hatapotea, ila hataelewa kwa nini mtu mwenye mafanikio ya kiasi hiki anaimba kama anayemaliza ugomvi wa zamani.

Juni 2022 BTS walitangaza kwamba wangepunguza kazi za pamoja ili kila mmoja apate nafasi ya kufanya zake. J-hope alitangulia na albamu Julai mwaka huo, Jin akafuata na wimbo mmoja Oktoba, RM akatoa albamu Desemba, na Jimin akatoa yake Machi 2023. Suga alikuwa wa tano. Namna albamu yake ilivyotengenezwa imeonyeshwa katika filamu ya hali halisi, SUGA: Road to D-DAY, iliyotoka siku ileile na albamu kupitia Disney+. Filamu nyingi za aina hii huwa ni matangazo marefu ya biashara, na hii nayo haikukosa dalili hizo, lakini inafaa kutazamwa kwa sababu moja: inamwonyesha mtunzi wakati ambapo hana la kuandika. Anasafiri, anakutana na wanamuziki wenzake wakiwamo Halsey, Steve Aoki na Anderson .Paak, na kila mara anarejea kwenye tatizo la mtu aliyekwishapata karibu kila alichokiota na sasa hajui aote nini. Hata mtazamaji ambaye hana haja na BTS ataona jinsi kazi ya kutunga inavyochosha pale ambapo haisukumwi tena na njaa.

Mkutano wenye uzito kuliko yote ni ule wa Tokyo, kati yake na Ryuichi Sakamoto. Sakamoto, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Yellow Magic Orchestra na mmoja wa watunzi walioshinda tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu ya The Last Emperor, alikuwa akiugua saratani wakati huo. Suga anamweleza kwamba muziki wa filamu hiyo ulimvuta tangu alipokuwa mdogo, na anakaa mbele yake kwa adabu ya mwanafunzi aliyefika kwa mwalimu, sauti yake ikiwa chini kuliko inavyosikika popote kwenye albamu. Mzee huyo alikubali kushirikiana naye, na piano yake ikarekodiwa kwa ajili ya wimbo "Snooze". Alifariki dunia tarehe 28 Machi 2023 akiwa na umri wa miaka 71, siku 24 kabla ya albamu kutoka, kwa hiyo hakuwahi kuona jinsi wasikilizaji walivyoupokea.

Ni rahisi kwa jambo kama hilo kugeuzwa mtaji wa huzuni, na ninawapongeza waliohusika kwa kutofanya hivyo. "Snooze" hautangazi msiba wa mtu. Piano inapigwa kwa noti chache zenye nafasi ya kutosha kati yake, halafu Agust D anaingia na mistari aliyoielekeza kwa wadogo zake, wale waliotamani kazi hii kwa sababu walimwona yeye akiifanya. Hawadanganyi kwamba ndoto zao zitatimia, wala hawatishi. Anawaambia tu kwamba kupumzika si dhambi, na kwamba wakianguka yeye yupo hapo chini kuwadaka. Kiitikio kimeachiwa Woosung, kiongozi wa bendi ya The Rose, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na uamuzi huo umeuokoa wimbo, kwa sababu sauti laini zaidi ingeugeuza kuwa wimbo wa kubembelezea watoto. Kwangu huu ndio wimbo bora wa albamu nzima. Inasikitisha kwamba umewekwa wa 9, mahali ambapo msikilizaji wa harakaharaka anaweza asifike.

Tukirudi mwanzo, albamu inafunguliwa na wimbo wenye jina lake, "D-Day", unaowaahidi wasikilizaji kwamba siku zijazo zitakuwa njema. Ni mlango mzuri, wenye kasi, ingawa matumaini yake yanakuja mapema mno, kabla hatujaambiwa ni shida gani zilizovukwa. Baada yake ndipo unaingia "Haegeum", wimbo mkuu, ambao ndio ule mmoja wa kelele nilioutoa hapo juu.

Haegeum ni ala ya jadi ya Korea yenye nyuzi 2, inayosimamishwa juu ya goti na kupigwa kwa upinde. Msomaji aliyewahi kusikia zeze la Wagogo au orutu ya Wajaluo atautambua mara moja mlio wake mwembamba, wa kulalamika, unaopanda na kushuka bila kutua penye noti moja. Katika wimbo huu mlio huo umekatwa kipande kifupi kinachojirudia, kisha ukawekewa chini ngoma nzito na besi ya hip hop ya kisasa. Wanamuziki wengi huchukua ala ya jadi na kuiweka mwanzoni kama pambo, ikatoweka mara tu biti inapoanza. Hapa haitoweki; ngoma ndizo zinazoifuata. Mashairi yanahimiza kuondolewa kwa makatazo, huku yakionya kwamba uhuru na ovyo si kitu kimoja, na yanawakosoa watu waliojifanya watumwa wa fedha, wivu na habari zisizokwisha. Si mawazo mapya, lakini vina vyake vimekaa vizuri na pumzi ya rapa haikatiki. Katika video anacheza nafasi za wahusika 2 wanaowindana, akiendeleza simulizi iliyoanzia kwenye "Daechwita" na inayomalizikia katika video ya "AMYGDALA". Zitazameni zote 3 kwa mpangilio huo kama mna muda. Moja peke yake haijitoshelezi.

"HUH?!", unaofuata, ulinikatisha tamaa. Ni wimbo wa drili, tawi la hip hop lenye besi nzito, unaowajibu wanaosambaza uvumi, na J-hope amealikwa kusaidia mashambulizi. Marapa hawa wawili wamefanya kazi pamoja tangu ujana wao na wanaelewana hata kwa pumzi, ila biti imewabana wote, na ubeti wa J-hope unakwisha kabla haujapamba moto. Watu wanaopenda kumsikia Agust D akitukana maadui wasiotajwa watafurahi. Mimi niliona amekwishalifanya jambo hilo mara nyingi, tena kwa ukali zaidi, mwaka 2016 alipokuwa na sababu za kutosha za kukasirika.

Wimbo wa 4 ndio kiini. Amigdala ni sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hofu na kumbukumbu za mambo yaliyotuumiza, na katika "AMYGDALA" mtunzi anaiita kwa jina, akiiomba imtoe mahali ilipomfungia. Anataja mambo 3 bila kuyapamba: upasuaji wa moyo wa mama yake, ajali ambayo hakuweza kuisimulia, na simu iliyomletea habari za saratani ya ini ya baba yake. Habari za ajali hiyo zinajulikana kwa wanaomfuatilia. Kabla BTS hawajaanza, alipokuwa bado anafunzwa na kampuni, alifanya kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki ili apate fedha za kujikimu, akagongwa na gari na kuumia bega. Aliificha ajali hiyo kwa kuhofia kupoteza nafasi yake kundini. Bega hilo lilimsumbua miaka mingi hadi akafanyiwa upasuaji Novemba 2020, na alipofika wakati wa kulitumikia taifa, Septemba 2023, alipangiwa utumishi wa umma badala ya kambi ya jeshi.

Kinachoufanya wimbo huu uwe wa kiwango cha juu ni namna sauti yake inavyotumika. Kwa sehemu kubwa hafoki. Anaimba, na sauti imepitishwa kwenye mtambo hadi ikapoteza mwili wake, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Gita linakuja kwa mtindo wa roki ya huzuni. Kuna mahali anarudia ombi lile la kutolewa mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa ajili ya wimbo, na hapo unaelewa kwamba urudiaji huo ndio ugonjwa wenyewe unaoelezwa. Sijui wimbo mwingine wa nyota wa K-pop wa kiwango chake unaozungumza habari za wazazi wake kwa ukavu wa namna hii, bila machozi ya kununua huruma. Video yake ni nzito, na mtu aliyepitia mambo mazito ya nafsi afikiri kwanza kabla ya kuitazama.

Baada ya hapo "SDL" unapita. Ni wimbo wa mapenzi yaliyokwisha, wenye mwendo wa R&B, hauudhi wala haukumbukwi, na nafikiri kazi yake hasa ni kumpa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi. "People Pt.2" ni jambo jingine kabisa. Uliachiwa tarehe 7 Aprili, wiki 2 kabla ya albamu, na unaendeleza wimbo "People" uliokuwa katika D-2. Mshirika wake ni IU, ambaye mwaka 2020 aliimba na Suga wimbo "Eight" uliotayarishwa na Suga mwenyewe, na kuelewana kwao kunasikika. IU ni mwimbaji anayeweza kuujaza ukumbi kwa sauti, lakini hapa anaimba kana kwamba yupo jikoni na mtu mmoja tu anayemsikiliza, akisema kwamba labda neno upendo halitoshi kubeba yote wanadamu wanayotaka kusema wanapolitamka. Ukimpa rafiki yako asiyejua K-pop wimbo mmoja tu kutoka albamu hii, mpe huu.

"Polar Night" unalaumu zama ambazo kila mtu anajichagulia ukweli unaomfaa na kuuziba macho ule wa mwenzake. Hoja ni nzuri na piano iliyo chini yake ni nzuri zaidi, ingawa mashairi yanaelekea kuhubiri kuliko kuonyesha. Penye "AMYGDALA" alitupa tukio, hapa anatupa maoni. "Interlude: Dawn" hauna maneno, na umewekwa kuandaa njia ya "Snooze", jambo ambalo unalifanya kwa ustadi.

Albamu inafungwa na "Life Goes On", ambao wengi wataujua kwa jina. BTS waliutoa Novemba 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, na ukawa wimbo wa kwanza ulioimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kikorea kushika namba 1 katika chati ya Hot 100 ya Marekani. Agust D ameuandika upya karibu wote, akabakiza wazo na kipande cha kiitikio, na badala ya kusema maisha yanaendelea kwa sauti ya watu 7 wanaotiana moyo, anausema peke yake kama mtu anayewakumbuka wenzake. Nilipousikia mara ya kwanza niliona hauna haja ya kuwepo. Sasa naona unasaidia, kwa kuwa baada ya nyimbo 9 za habari zake binafsi unamrudisha nyumbani, kwenye kundi. Hata hivyo ninashikilia kwamba albamu ingekuwa na mwisho wenye nguvu zaidi kama piano ya Sakamoto ingekuwa ndiyo ya mwisho kusikika.

Neno moja kuhusu utayarishaji. Suga mwenyewe na EL CAPITXN, mtayarishaji aliyefanya naye kazi pia katika "Daechwita" na "Eight", ndio walioshika usukani, na nyimbo zimesafishwa vizuri sana, pengine kupita kiasi. Kwenye spika ndogo za simu tofauti kati ya "HUH?!" na "Haegeum" karibu inapotea, kwa kuwa besi ndiyo iliyobeba kila kitu. Tumieni spika za masikioni zenye ubora wa wastani angalau, hasa kwa "Snooze", ambapo sehemu ya utamu ni ule mwangwi wa piano unaobaki baada ya kidole kuinuka.

Kuhusu albamu kama bidhaa ya kushikwa mkononi, ilitoka katika matoleo 2 ya CD yenye kitabu cha picha, pamoja na toleo jepesi lisilo na CD linalofunguliwa kwa programu ya Weverse kwenye simu. Ndani huwekwa kadi za picha ambazo mnunuzi hajui atapata ipi. Utaratibu huo si wa albamu hii peke yake, ni desturi ya biashara nzima ya K-pop, nami siupendi, kwa sababu unamshawishi kijana mwenye kipato kidogo kununua kitu kilekile mara 3 au 4 akitafuta karatasi moja. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuna pia gharama ya usafirishaji na ushuru, ambazo kwa pamoja zinaweza kuikaribia au kuipita bei ya albamu yenyewe. Kama wewe si mkusanyaji, sikiliza mtandaoni. Hakuna wimbo utakaoukosa.

Desturi hiyo ndiyo inayonifanya nizisome takwimu za mauzo kwa tahadhari. Kwa hesabu za Hanteo, chombo kinachofuatilia mauzo nchini Korea, albamu ilipita nakala milioni 1 siku ya kwanza na milioni 1.2 katika wiki ya kwanza. Nakala si watu, na kila anayejua habari za kadi anaelewa hivyo. Nchini Marekani iliingia katika Billboard 200, chati kuu ya albamu, kwenye nafasi ya 2, ikiwa na vipimo 140,000 vya wiki, nyuma ya albamu ya mwimbaji wa Kimarekani Morgan Wallen iliyokuwa imeng'ang'ania kileleni kwa majuma mengi. Vipimo hivyo hujumlisha nakala zilizonunuliwa na usikilizaji wa mtandaoni, ambapo wakati huo nyimbo za albamu zilipaswa kusikilizwa mara 1,250 na wanaolipia, au 3,750 na wasiolipia, ndipo kihesabiwe kipimo 1. Albamu za K-pop huingia chati hiyo kwa nguvu ya ununuzi, na hii haikuwa tofauti. "Haegeum" kama wimbo haukufika hata katika 50 bora za Hot 100, ilhali Jimin alikuwa ameshika namba 1 kwa "Like Crazy" majuma machache tu kabla. Wapo mashabiki walioumizwa na ulinganisho huo. Mimi sioni cha kuumiza: wimbo wenye ala ya upinde na lawama juu ya ulafi, ulioimbwa kwa Kikorea na usiopigwa redioni, haukutengenezwa kwa ajili ya mashindano hayo.

Wahakiki kwa ujumla waliipokea vizuri, wakisifu zaidi ukweli wake na namna inavyofunga simulizi ya miaka 7. Mashabiki wa BTS, wanaojiita ARMY, walikuwa na kazi nyingine ambayo haionekani katika chati yoyote. Ndani ya saa chache mashairi yalikuwa yamefasiriwa kwa lugha nyingi, yakiwa na maelezo ya kila fumbo na kila mahali anapojibu wimbo wake wa zamani. Wasikilizaji wa Kiswahili wengi wetu tunamfahamu Agust D kupitia tafsiri za Kiingereza za watu hao wasiolipwa, na bila wao sehemu kubwa ya niliyoyaandika hapa nisingeyaandika.

Mapokezi ya kweli ya albamu, kwa maoni yangu, yalikuwa jukwaani. Ziara ya D-DAY, ya kwanza ya dunia kufanywa na mwana BTS akiwa peke yake, ilianza tarehe 26 Aprili 2023 Belmont Park, nje kidogo ya jiji la New York, siku 5 tu baada ya albamu kutoka, ikapita Newark, Chicago, Los Angeles na Oakland, kisha Jakarta, Yokohama, Bangkok, Singapore na Seoul, ambako ilimalizikia tarehe 6 Agosti. Anaingia akiwa amebebwa na wachezaji kama mtu asiye na uhai, wanamlaza, na "Haegeum" unapoanza ndipo anainuka. Jukwaa limeundwa kwa vipande vinavyonyanyuliwa juu kwa minyororo onyesho likiendelea, hadi mwishoni anabaki amesimama kwenye sakafu tupu. "AMYGDALA" anauimba hadi anaanguka na kubebwa tena. Mpangilio wa nyimbo unaunga mkono lile nililolilalamikia kuhusu albamu: "D-Day", ambao studioni aliuweka wa kwanza, jukwaani ameuhamishia karibu na mwisho, baada ya machungu yote, na hapo ahadi yake ya siku njema inasikika kama kitu alichokipata kwa jasho. Baada yake anarudi kwenye "The Last" wa mwaka 2016, akizungukwa na kamera, kisha anaondoka bila kuaga.

Afrika haikuwamo katika ratiba hiyo, wala Ulaya, na mwezi mmoja na nusu baada ya onyesho la mwisho alianza utumishi wake wa umma. Kilichopatikana kwa sisi wengine ni filamu ya maonyesho ya Seoul, iliyoingia katika majumba ya sinema duniani tarehe 10 Aprili 2024. Mtu aliyeisikiliza albamu mara moja na kuiona ya kawaida ningemshauri aitafute filamu hiyo kabla ya kutoa hukumu yake, kisha azisikilize tena nyimbo 10 zilezile akianza na "AMYGDALA", aende "People Pt.2" na "Snooze", na "D-Day" auache uwe wa mwisho.